Mkono wa chapati na pai ya pekani

Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Mradi umeanza kwa mfuko wa plastiki ulioachwa mlangoni. Ndani kuna pekani, kokwa za mti zinazoliwa kama korosho, na maganda yake, kilo mbili na ushee nilipopima. Jirani yetu wa nyumba ya pili, bibi wa miaka sabini na kitu, ana mpekani uani mkubwa kuliko nyumba yenyewe, na mwaka huu umezaa hadi watoto wanaokota njiani wakitoka shule. Mwaka jana haukutoa hata za kuonja. Ndiyo tabia yake, bibi ananiambia: mwaka mmoja unajaza, mwaka wa pili unapumzika. Nikamwambia hata kwetu Muheza miembe inafanya hivyo hivyo.

Huu ni mwaka wangu wa sita San Antonio, Texas. Kila Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ya Novemba, naalikwa kwake, napeleka sambusa, na sambusa zinaisha kabla bata mzinga hajakatwa. Leo bibi kasimama na fimbo yake pale langoni, akasema: “Mija,” ndivyo anavyoniita, kwa Kihispania ni mwanangu, “mwaka huu wewe ulete pai.”

Nikaitikia kabla sijafikiri. Sijawahi kuoka pai maishani, lile ganda la unga linalojazwa mchanganyiko mtamu wa mayai, sukari na pekani. Siku ya Shukrani ni Alhamisi ya tarehe 28 Novemba, kwa hiyo nimebakiwa na siku arubaini kamili. Za mwizi arubaini, na za mwoka pai nazo naona ni hizo hizo.

Jumapili, 20 Oktoba

Kubangua. Nimekaa barazani tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri na sinia mapajani, na nimejifunza mambo mawili matatu.

La kwanza, nyundo haifai. Inaponda ganda na kokwa pamoja, unabaki kuchambua chenga. Bibi alipita akacheka, akachukua pekani mbili, akazibana pamoja kwenye kiganja kimoja. Ile dhaifu ikapasuka, nzima ikabaki kusubiri mwenzake. Mkono wa bibi wa miaka sabini! Mimi ilinibidi nitumie yote miwili.

La pili, usalama wa ulimi. Katikati ya kila nusu ya kokwa kuna mifereji, na ndani ya mifereji hukaa utando wa kahawia mkavu, mchungu kama mwarobaini. Kipande kidogo tu kikibaki, ndicho ulimi utakachokumbuka. Nimetumia kijiti cha kuchokolea meno, mfereji kwa mfereji. Korosho zina utomvu unaobabua vidole. Pekani hazibabui, ila kibanzi cha ganda kikiingia chini ya ukucha utataja majina ya watu wote wa nyumbani.

Mavuno: gramu 870 za kokwa kutoka kilo mbili na ushee. Nimezitia kwenye mifuko na kuzifungia friza. Pekani karibu asilimia 70 yake ni mafuta, na mafuta yakikaa kwenye joto huchacha. Hizi nyingine nilizowahi kununua kwenye pakiti na kuziacha kabatini ziliishia kunuka kama rangi ya mlango.

Jumamosi, 26 Oktoba. Jaribio la kwanza

Niseme moja kwa moja: nilikanda.

Maelekezo yalisema changanya unga, siagi baridi, chumvi, na maji ya barafu “mpaka vishikane tu”. Lakini mikono hii imekanda chapati tangu nina miaka tisa. Ikiona unga na maji haingoji amri. Nilipozinduka donge lilikuwa laini kama shavu la mtoto, na mimi nimefurahi. Nikalisukuma, likarudi. Nikalisukuma tena, likarudi tena, kama linabishana nami. Nikalilazimisha kwenye bakuli la pai la sentimita 23, nikamimina mchanganyiko, nikatia ndani ya oveni.

Baada ya dakika ishirini nilichungulia kwenye kioo. Kingo zote zilikuwa zimeteremka, ganda limenywea chini ya bakuli kama soksi iliyokatika mpira. Mchanganyiko ukavuka ukuta, ukapita nyuma ya ganda na kuungulia huko. Nililitoa kwa patasi, na si kwa utani. Patasi ya mume wangu. Yeye alikula kipande kizima na kusema, “Ni tamu, mke wangu. Ila inataka subira.”

Usiku nimekaa kufikiri kosa liko wapi, na jibu ni rahisi. Ukikanda unga wa ngano unajenga nyuzi zinazovutika. Chapati inazitaka nyuzi hizo, ndizo zinazoifanya isukumwe nyembamba bila kutoboka. Pai inazikimbia. Tabaka tunazozipata kwenye chapati kwa kupaka samli, kuviringisha na kukunja, kwenye pai zinatokana na vipande vya siagi vilivyobaki vizima ndani ya unga: vikikutana na moto vinayeyuka, maji yake yanageuka mvuke, unga unainuliwa. Nikikanda siagi ikapotea yote, hakuna cha kuinua chochote.

Jumamosi, 2 Novemba. Jaribio la pili

Unga gramu 160, siagi gramu 115 iliyokatwa vipande na kukaa friza robo saa, chumvi nusu kijiko cha chai. Viganja nimevikataza kabisa. Kiganja kina joto. Ncha za vidole tu, nasugua siagi na unga kama anayehesabu noti, hadi vipande vikabaki saizi ya maharage na vingine saizi ya choroko. Maji ya barafu kijiko kimoja kimoja, vijiko vinne jumla. Bado lilionekana kama kosa. Limepasuka pasuka, unga mkavu pembeni, siagi inaonekana madoa madoa. Mama angeliona angenifukuza jikoni. Nikalikusanya kwenye plastiki, nikalibana kuwa bapa, friji saa moja.

Likasukumika! Halikurudi. Nikalitandaza kwenye bakuli na kulirudisha friji nusu saa nyingine ili litulie, na kingo zikasimama hadi mwisho.

Basi nikaharibu upande wa pili. Maelekezo: dakika 60 hadi 70 kwenye nyuzi 350, maana majiko ya huku yanahesabu kwa Farenhaiti, kwa Selsiasi ni 175 na kitu. Dakika ya 70 katikati bado kunatikisika, nikaogopa, nikaongeza kumi. Ikatoka imevimba kama mto, imepasuka katikati, na ilipopoa ikatoa majimaji. Ndani ilikuwa na punje punje, mayai yaliyokoga sukari.

Nikampigia mama Muheza kwa video, kule ilikuwa inakaribia saa sita usiku na yeye bado macho.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umekula?”

“Nimekula pai mbovu.”

Nikamsogezea simu. Akaitazama muda mrefu. Hajaona pai maishani, ila sukari anaijua. Kashata zake ndizo zilizonisomesha.

“Ulingoja ishike ikiwa motoni?”

“Ndiyo.”

“Kashata unangoja ikauke kwenye sufuria?”

“Hapana, mama.”

“Basi.”

Akakata simu, kifurushi kilikuwa kinaisha.

Jumapili, 3 Novemba

Nimenunua vipimajoto viwili: kimoja cha kutundika ndani ya oveni, kimoja cha kuchoma chakula. Cha kwanza kimefichua kuwa oveni yetu ikiandika 350, ndani ni 375. Miaka yote nimekuwa nikijilaumu kwa keki kuungua juu.

Cha pili ni cha katikati ya pai. Mayai ndiyo yanayoshikisha ujazo, yaani ule mchanganyiko wa ndani, na sukari nyingi huyachelewesha kuganda. Pai inatakiwa itolewe pale katikati inapofika nyuzi 200 za Farenhaiti, yaani 93 za Selsiasi. Kwa macho, pembeni kumetulia na katikati kunacheza kidogo kama mtindi ulioshika kwenye kibuyu ukiugusa. Kazi iliyobaki inamaliziwa na joto lake lenyewe mezani, saa nne nzima. Mama hakuhitaji kipimajoto kulijua hilo.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo sikuoka. Nilimpelekea bibi gramu 200 za zile nilizobangua, aone kazi yangu. Alizimwaga kwenye sahani akazitenga kwa kidole: nusu nzima huku, vipande kule. Vipande vilikuwa vingi kuliko nzima. “Bibi yangu angekukata,” akasema.

Ndipo nikapata habari ambayo kwa miaka sita niliishi juu yake bila kuijua. Bibi yake alikuwa mbanguaji. Miaka ya 1930 mji huu wa San Antonio ulikuwa kitovu cha kubangua pekani nchini, na kazi yote ilifanywa kwa mkono, upande wa magharibi wa mji, na watu wa asili ya Meksiko, wengi wao wanawake. Walikaa kwenye vibanda visivyo na hewa, vumbi la kahawia la maganda likiwaingia kifuani katika mji ambao tayari kifua kikuu kilikuwa kinaua. Walilipwa senti chache kwa ratili, nusu nzima kwa bei ya juu kidogo kuliko vipande. Waajiri walipopunguza hata hizo senti, tarehe 31 Januari 1938 walitoka kazini, wakagoma. Walifika takriban 12,000. Sauti yao ilikuwa ya binti wa miaka 21, Emma Tenayuca, mzaliwa wa mji huu huu. Polisi walikamata watu kwa mamia. Mgomo ulichukua kama miezi mitatu na ukaishia kwenye usuluhishi. Mwaka ule ule, Oktoba, ikaanza kutumika sheria ya nchi ya kima cha chini, senti 25 kwa saa. Wenye viwanda wakaingiza mashine, na maelfu ya wabanguaji wakabaki bila kazi.

“Bibi yangu alipata ushindi, halafu akapata mashine,” alisema, akiendelea kutenga nusu na vipande. Kuna mbangua korosho wa Mtwara atakayesoma hapa na kutikisa kichwa.

Kisha akanionyesha mti wenyewe. Zake ni ndogo, ganda gumu, kwa sababu mti ulijiotea, hakuna aliyeupanda. Zile kubwa za dukani zenye ganda jepesi ni za miti iliyobebeshwa, yaani iliyopandikizwa kikonyo cha mti mwingine. Nikamwambia babu yangu alikuwa akibebesha michungwa, akafurahi, tukazungumza visu na vikonyo nusu saa nzima kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili. Kubebesha mipekani kulishindikana miaka mingi hadi bustani moja ya Louisiana, shamba la Oak Alley, majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847. Aliyefaulu alikuwa mtunza bustani mtumwa. Jina lake kwenye kumbukumbu ni moja tu, Antoine, halina la baba. Alibebesha miti 16. Pekani za aina yake zilipelekwa kwenye maonyesho ya miaka mia ya Marekani huko Philadelphia mwaka 1876, zikatunzwa tuzo na kupewa jina Centennial. Tuzo haikumtaja Antoine.

Naandika haya kwenye shajara ya pai kwa sababu baada ya kuyasikia nilirudi nyumbani nikabangua nyingine alizonipa, polepole zaidi.

Jumamosi, 16 Novemba. Jaribio la tatu

Ukichaa wangu mwenyewe: nimetaka kuondoa chupa.

Pai ya pekani wanayoita ya asili hupikwa kwa shira ya mahindi ya chupa. Karo, iliyo maarufu kuliko zote, iliingia sokoni mwaka 1902, na ni miaka ya 1930 ndipo kampuni yake ilipoieneza pai hii nchi nzima. Kabla ya hapo, mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Texas walikuwa na pai za pekani za maziwa na mayai, kitu kingine kabisa. Leo mpekani ni mti rasmi wa jimbo tangu 1919 na pai yenyewe ikatangazwa rasmi mwaka 2013. Chupa sina ugomvi nayo. Lakini mimi ni mtoto wa nyumba ya kaimati, shira tunapika wenyewe.

Nikapika: sukari nyeupe, maji, koroga koroga hadi ikawa nzito. Ganda safari hii nililioka kwanza peke yake, maana jaribio la pili chini palikuwa pabichi: karatasi ya kuokea juu ya unga, maharage makavu juu yake yazuie kuvimba, dakika 20 kwenye nyuzi 400, halafu bila maharage dakika 8. Ganda zuri ajabu.

Ujazo ulipopoa ukawa mchanga. Unatafuna, unasikia chembe.

Jumapili, 17 Novemba

Mambo mawili.

Mume wangu ameyachukua yale maharage yaliyookwa akayachemsha kwa chakula cha mchana. Kwa muda wa saa tatu nzima! Kaja kuniuliza maharage ya Marekani yana nini. Nimenunua mengine na kuyatia kwenye chupa yenye maandishi makubwa: SI CHAKULA.

Mama, kwa ujumbe wa sauti: “Ulikoroga? Shira ikianza kuchemka haikorogwi. Na ndimu ulitia?”

Sikutia. Nimesahau jambo ambalo nililiona kila Ramadhani ya utoto wangu, mkono wa mama ukikamulia ndimu sufuriani. Niliamini ni kwa ladha. Kumbe uchachu unaivunja sukari ya kawaida kuwa sukari mbili nyepesi, na hizo zikichanganyika na iliyobaki zinaizuia isijipange upya kuwa chembe. Shira ya mahindi nayo inafanya kazi hiyo hiyo, kwa sababu ni glukosi na jamaa zake. Wanakemia wa kiwanda na mama yangu wanalinda kitu kimoja.

Jumamosi, 23 Novemba. Jaribio la nne

Hii naiandika kwa vipimo, maana nataka niirudie.

Shira: sukari ya kahawia gramu 260, maji mililita 120, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai. Ikishayeyuka, kijiko nakiweka mbali. Jinsi ya kujua imefika: nilipima sufuria tupu, gramu 540. Naichemsha, naiinua, naiweka kwenye mizani. Ikisoma 870 imebaki shira ya gramu 330, ndio uzito wa kikombe kimoja cha ile ya chupa. Mara ya kwanza ilisoma 905, mara ya pili 881, mara ya tatu 868. Imetosha.

Iache iwe vuguvugu, ama sivyo mayai yataiva humo humo kwenye bakuli. Kisha siagi iliyoyeyushwa gramu 60, sukari ya kahawia nyingine gramu 100 (maelekezo mengi hutaka mara mbili ya hiyo, na sikuelewa kwa nini), chumvi nusu kijiko cha chai, vanila kijiko cha chai, mayai matatu yaliyopigwa taratibu bila povu. Pekani gramu 200, zilizokaangwa kavu kwenye oveni dakika 8 kwanza. Hapa pasirukwe: mbichi zinakuwa kama kadibodi iliyolowa, zilizokaangwa zinajulisha kuwa zipo.

Oveni nimeiandikia 325 ili iwe 350 ya kweli. Rafu ya chini. Dakika ya 35 nilifunika kingo kwa karatasi ya foili. Dakika ya 48 kipimajoto kilisoma 191. Dakika ya 53 kikasoma 200. Katikati kulikuwa kunacheza, na kila mshipa wa mwili wangu ulitaka kuirudisha ndani. Niliiweka juu ya meza, nikaenda kufua.

Saa kumi na moja jioni nilikata. Kisu kikapita kwenye pekani kwa kishindo kidogo, kikazama kwenye ujazo kimyakimya, kikagonga ganda la chini na ganda likakatika kwa sauti. Kipande kikasimama wima kwenye sahani. Nikakigeuza kichwa chini: kahawia hadi katikati, hakuna pabichi.

Mume wangu alikula viwili, na neno subira hakulitaja.

Jumatano, 27 Novemba

Ganda tayari. Pai imetoka saa mbili usiku, nyuzi 200 kamili. Bakuli ni la kioo safari hii, nione chini bila kugeuza. Ufa mdogo upande mmoja, nimeupangia pekani tatu nzima juu yake. Watoto wameahidiwa adhabu wakiigusa.

Alhamisi, 28 Novemba

Bibi hakula kwanza. Aliinua bakuli juu ya kichwa chake, akalitazama kwa chini kwenye mwanga wa dirisha, kama anayekagua yai. Akalishusha. Akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

“Kuna kitu kichachu.”

“Ndimu.”

“Nani kakufundisha kutia ndimu?”

“Mama.”

Akamwita binti yake kutoka jikoni aje aonje, wakaongea Kihispania haraka haraka ambacho sikukishika, ila *limón* nililisikia mara tatu. Sambusa, kwa taarifa, zilikuwepo pia. Sikuthubutu kwenda mikono mitupu upande huo.

Friza imebaki na gramu 260 za kokwa, karibu zote vipande. Haziwezi kupamba pai. Jumamosi nitazikatakata kwa kashata, na mama amesema atakuwa macho.